Silaha za kemikali Syria: meli za 2014 zilifanya nini, na makombora ya 2017 na 2018 yalifanya nini?

Kisiki Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila Sudan inapotajwa kuhusu gesi ya sumu (Marekani inadai jeshi lake liliitumia mwaka 2024), watu hugawanyika papo hapo. Upande mmoja unadai mataifa makubwa yapige, upande mwingine unasema ya watu tuwaachie wenyewe. Naomba tuweke kando kauli hizo, tushike kesi moja ambayo kumbukumbu zake zimejaa: Syria, 2013 hadi 2018. Pale dunia ilijaribu kutishia bila kupiga, ikajaribu kupiga, na kuna miaka ilinyamaza kabisa.

Kwa ambao hawakufuatilia: Agosti 20, 2012 Obama alisema matumizi ya silaha za kemikali ni mstari mwekundu. Mwaka mmoja baadaye, alfajiri ya Agosti 21, 2013, roketi zenye sarini, sumu inayoshambulia neva, ziliangukia Ghouta, viunga vya Damascus: Zamalka na Ein Tarma upande wa mashariki, Moadamiyah magharibi. Marekani ilitaja waliokufa kuwa 1,429, Uingereza ikasema si chini ya 350, Ufaransa si chini ya 281. Hospitali 3 zilizokuwa zikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka zilipokea wagonjwa wapatao 3,600 ndani ya muda usiofika saa 3, na 355 kati yao wakafa.

Agosti 29 Bunge la Uingereza lilikataa kupiga, kura 285 kwa 272. Siku mbili baadaye Obama akasema anapeleka suala kwa Congress, bunge la Marekani. Septemba 14, Geneva, Marekani na Urusi wakakubaliana Syria isalimishe silaha zote za kemikali, na Septemba 27 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 2118. Hapakurushwa kombora hata moja.

Aprili 4, 2017, Khan Shaykhun: sarini tena, zaidi ya watu 80 wakafa. Siku tatu baadaye makombora 59 ya Tomahawk ya Marekani yakapiga kituo cha anga cha Shayrat. Aprili 7, 2018, Douma: klorini, watu 43. Aprili 14 Marekani, Uingereza na Ufaransa zikarusha makombora 105.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Tishio la 2013 lilizaa matunda kwa sababu lilikuwa na dai ambalo Damascus ingeweza kulitekeleza na mtu wa nje akalikagua. Makombora ya baadaye hayakuwa na dai lolote. Mwenye hoja kinyume ailete, lakini aje na tarehe na idadi.

---

Radi Kavu

Mkuu Kisiki, mfuatano wako ni sahihi ila hitimisho linavuja sehemu mbili.

Kwanza, makubaliano ya Geneva hayakutokana na maneno matamu. Meli za kivita za Marekani zilikuwa zimeshajipanga mashariki ya Mediterania zikisubiri amri. Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ilishapitisha ruhusa kwa kura 10 kwa 7. Rais Assad wa Syria, ambaye mpaka hapo hakuwa hata mwanachama wa Mkataba wa Silaha za Kemikali, alijiunga ndani ya wiki chache. Ukiondoa meli zile, hupati Geneva.

Pili, alidanganya. Timu ya OPCW (shirika la kimataifa linalosimamia Mkataba huo) ya kubaini wahusika, IIT, katika ripoti yake ya Aprili 2020 ilieleza kuwa ndege za jeshi la Syria zilidondosha sarini Ltamenah Machi 24 na 30, 2017, na klorini Machi 25. Hiyo ni wiki moja kabla ya Khan Shaykhun, na ni zaidi ya mwaka tangu itangazwe kuwa kila kilichoorodheshwa kimeteketezwa.

Sasa niambieni, ukishadanganywa hivyo unarudi wapi? Azimio 2118 linasema asipotii hatua zitachukuliwa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa (UM), inayoruhusu vikwazo au nguvu, lakini hatua hizo zinataka azimio jipya, na azimio jipya linakutana na kura ya turufu ya Urusi. Tume ya pamoja ya UM na OPCW, JIM, ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kumtaja mhusika. Urusi ilizuia kuongezewa muda kwake Oktoba 24, Novemba 16 na Novemba 17, 2017, tume ikafa. Njia zilizobaki zilikuwa mbili, kupiga au kukaa kimya. Mimi nasema kupiga. Na baada ya Khan Shaykhun hakuna shambulio jingine la sarini lililothibitishwa na OPCW.

---

Nahodha wa Ghalani

Kabla hatujafika mbali, kuna dhana moja inayosikika sana inahitaji kurekebishwa, ile ya "si wangelipua maghala tu".

Bomu likiangukia ghala la sarini haliimalizi sarini. Joto linaunguza sehemu, iliyobaki inarushwa hewani na kufuata upepo. Machi 1991 wanajeshi wa Marekani walilipua bohari la Khamisiyah kusini mwa Iraq bila kujua kwamba kulikuwa na roketi za sarini ndani. Miaka baadaye wizara yao ya ulinzi ilikadiria kuwa karibu askari 100,000 huenda walifikiwa na kiwango kidogo cha sumu. Na pale ilikuwa jangwani. Ndiyo maana mpango wa Marekani wa kupiga mwaka 2013 ulilenga makao ya vikosi na vyombo vya kurushia, maghala yakaachwa.

Ukitaka kuimaliza kemikali yenyewe, lazima uibebe. Kazi ilikwenda hivi. Syria iliorodhesha takriban tani 1,300 na viwanda 27. Kufikia Oktoba 31, 2013 mitambo ya kuzalishia na kuchanganyia ilikuwa imeharibiwa, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Hatua hii watu huisahau, wakati ndiyo iliyokata uwezo wa kutengeneza shehena mpya kubwa. Kilichosaidia sana ni kwamba sehemu kubwa ya akiba ilikuwa kemikali tangulizi (malighafi za kutengenezea sumu) ndani ya matangi, bado haijachanganywa wala kujazwa kwenye mabomu. Kubeba matangi ni hatari, lakini inawezekana. Bomu lililojazwa hulipakii kwenye meli ya mizigo ukalala.

Makontena yalikwenda kwa lori hadi bandari ya Latakia. Shehena ya kwanza ilipakiwa Januari 7, 2014, ya mwisho Juni 23. Ark Futura ya Denmark na Taiko ya Norway ndizo zilizobeba, zikisindikizwa na meli za kivita za nchi kadhaa, Urusi na China zikiwemo. Mapema Julai, kwenye bandari ya Gioia Tauro nchini Italia, tani kama 600 za hatari zaidi zikahamishiwa meli ya Cape Ray ya Marekani. Ndani yake palifungwa mitambo miwili yenye matangi ya titani: kemikali tangulizi ya sarini inavunjwa kwa maji, sumu ya haradali inavunjwa kwa maji ya moto kisha inatulizwa kwa kostiki soda. Baharini kabisa, bila kumwaga tone. Agosti 18 wakamaliza. Maji taka yakapelekwa Riihimäki, Finland, na Munster, Ujerumani, yakachomwe. Kemikali nyingine zilikwenda Ellesmere Port, Uingereza, na Port Arthur, Texas.

Kasoro zilikuwepo. Tarehe ya Desemba 31, 2013 ya kutoa kemikali mbaya zaidi ilipita, ya Februari 5, 2014 nayo ikapita, Syria ikisema barabara si salama. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba meli hubeba kilichoorodheshwa tu. OPCW iliunda timu ya kuhakiki orodha ile, ikaibua masuala 26. Assad anakimbia Desemba 2024, masuala 19 bado yako wazi. Februari 2025 mkuu wa OPCW, Fernando Arias, alikwenda Damascus kuonana na serikali mpya, na maeneo yanayohitaji kutazamwa sasa yanazidi 100.

Kwa hiyo Radi yuko sawa kwamba kulifichwa kitu. Lakini tani 1,300 zile hakuna kombora lingeweza kuzifanyia vile.

---

Bi Shufaa

Shukrani Nahodha. Naongeza upande wa ushahidi, kwa sababu swali la kupiga au kutopiga huanzia kwenye swali la unajuaje.

Sampuli ya damu, mkojo au udongo ikishachukuliwa inafungwa kwa lakiri yenye namba, inagawanywa, na kila anayeipokea anasaini. Inakwenda kwenye maabara zisizopungua mbili kati ya zile zilizoidhinishwa na OPCW, na ndani ya furushi huchanganywa sampuli za majaribio ambazo maabara haijui ni zipi. Majibu yakipingana, hakuna hitimisho. Pengo la saa mbili tu kwenye karatasi ya makabidhiano, ambapo haijulikani nani aliishika, linaweza kutosha kuiondoa sampuli. Sarini yenyewe huvunjika haraka ikikutana na maji, ila mabaki yake hukaa kwenye udongo na vyuma, na alama yake kwenye damu ya mtu hudumu kwa wiki kadhaa.

Ghouta ilikuwa bahati ya pekee. Wakaguzi wa UM chini ya Åke Sellström walikuwa Damascus tangu Agosti 18 kwa ajili ya shambulio jingine, la Khan al-Assal. Hata hivyo waliingia Moadamiyah Agosti 26, siku ya tano, na msafara wao ulipigwa risasi njiani. Ripoti ilitoka Septemba 16, na zaidi ya asilimia 80 ya damu waliyopima ilikuwa na alama za sarini.

Khan Shaykhun wakaguzi hawakufika kabisa kwa sababu ya usalama. Walitegemea wagonjwa na maiti waliofikishwa Uturuki, pamoja na sampuli zilizoletwa na watu wengine. Ripoti ya kuthibitisha sarini ni ya Juni 29, 2017. Marekani ilikuwa imeshapiga tangu Aprili 7.

Douma ndiyo inayouma. Makombora yalianguka alfajiri ya Aprili 14, 2018, siku ileile timu ya OPCW ilipokuwa inaingia Damascus. Iliruhusiwa kufika Douma Aprili 21, wiki mbili baada ya tukio. Ripoti ya nini kilitumika ilitoka Machi 1, 2019. Ripoti ya nani alitumia ilitoka Januari 27, 2023. Karibu miaka mitano.

Sisemi waliopiga walikosea mhusika. IIT ilikuja kusema ni helikopta ya jeshi la Syria. Nasema walipiga kabla ya ushahidi ambao nchi nyingine zingeweza kuusoma na kuuamini, na kwa kufanya hivyo walimpa Damascus miaka mitano ya kubisha.

---

Radi Kavu

Bi Shufaa, heshima yako, lakini ukisubiri miaka mitano mtoto wa Douma amekufa na ndugu zake wamefuata. Tena ucheleweshaji huo ulitengenezwa na walewale wanaotuhumiwa.

---

Wakili wa Mtaa

Wadau, sheria ilivyo ni hivi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 2(4), unakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Milango ni miwili: kujilinda chini ya ibara ya 51, au idhini ya Baraza la Usalama chini ya Sura ya Saba. Mkataba wa Silaha za Kemikali wenyewe, ulioanza kazi Aprili 29, 1997, hauna kifungu kinachompa mwanachama ruhusa ya kumpiga mwenzake. Ibara yake ya XII inasema kosa zito lipelekwe Baraza la Usalama. Basi.

Marekani mwaka 2017 haikuwa imeshambuliwa, wala haikuwa na idhini. Uingereza mwaka 2018 ndiyo iliyojitahidi kuandika hoja ya kisheria, yenye masharti matatu: pawepo ushahidi wa dhiki kubwa ya watu inayohitaji msaada wa haraka, pasiwepo njia nyingine inayowezekana, na nguvu itakayotumika iwe ya lazima na isizidi kipimo. Ni hoja iliyopangwa vizuri, ila nchi zinazoikubali kuwa sheria ni chache mno. Urusi ilipopeleka Baraza la Usalama rasimu ya kulaani mashambulizi yale, ilipata kura 3: yake, China na Bolivia. Nchi 8 zilipinga na 4 hazikuegemea upande, Ethiopia ikiwemo. Someni matokeo hayo kwa makini. Wengi hawakutaka kulaani, lakini kukataa kulaani si sawa na kuhalalisha.

Kwetu kuna mfano unaotajwa kila mara, Tanzania kuingia Uganda 1979. Wengi huutumia kama ushahidi kwamba kuingilia kwa ajili ya ubinadamu kunaruhusiwa. Mwalimu hakujenga hoja yake hapo. Amin alikuwa ameivamia Kagera Oktoba 1978, na Tanzania ilisimama kwenye kujilinda. Alijua mlango mwingine haukuwa imara.

Umoja wa Afrika nao una ibara ya 4(h) ya Sheria ya Uanzilishi, inayoupa Umoja haki ya kuingilia nchi mwanachama pakiwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya halaiki au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kutumia gesi dhidi ya raia kunaingia humo bila shaka. Ila ibara ya 53 ya Mkataba wa UM inataka jumuiya ya kikanda ipate idhini ya Baraza la Usalama kabla ya kutumia nguvu, na 4(h) haijawahi kutumika kupeleka jeshi bila ridhaa ya nchi husika.

---

Kisiki Mkavu

Radi, nakubali kwamba meli za kivita zilikuwa sehemu ya 2013. Sijawahi kusema nguvu haina kazi. Ninachosema ni kwamba nguvu iliyoungwa na dai ilitoa tani 1,300. Tuitazame ile isiyo na dai kwa karibu.

Shayrat, Aprili 7, 2017. Meli mbili, USS Porter na USS Ross, makombora 59. Urusi iliarifiwa mapema kupitia laini ya mawasiliano ya kijeshi kwa sababu watu wake walikuwapo kituoni. Yalipigwa mabanda ya ndege, maghala ya mafuta, rada na vifaa vya kujilinda dhidi ya ndege. Njia ya kurukia haikulengwa. Marekani yenyewe ilisema kwa makusudi iliepuka sehemu iliyodhani ina sarini, kwa sababu ileile aliyoieleza Nahodha. Siku iliyofuata ndege zilikuwa zinaruka kutoka kituo hichohicho. Baada ya hapo Damascus iliambiwa ifanye nini? Ifungue ghala gani, kwa nani, lini? Hakuna. Iliambiwa isirudie. Novemba 2017 tume ya JIM ikafa, na Februari 4, 2018 helikopta ikadondosha klorini Saraqib. IIT imelithibitisha hilo pia.

Aprili 14, 2018: makombora 76 kwenye kituo cha utafiti cha Barzah, 22 kwenye ghala la Him Shinshar karibu na Homs, 7 kwenye handaki jirani. Sasa, wakaguzi wa OPCW walikuwa wameingia Barzah mara mbili mwaka 2017 na hawakuona shughuli inayokiuka mkataba. Kama palikuwa na sumu, kwa nini makombora 76 ndani ya viunga vya Damascus hayakuitawanya? Kama haikuwepo, ni nini hasa kilichozuiwa?

---

Radi Kavu

Kilichozuiwa ni vifaa, kumbukumbu na wataalamu kuwa na mahali pa kufanyia kazi. Kituo cha utafiti hakihitaji tani za sumu ili kiwe hatari. Na mkaguzi anayeingia kwa taarifa anaona anachoonyeshwa.

Kuhusu dai, hapo nakupa haki yako. Aprili 2018 ilipaswa kuambatana na sharti: fungua masuala ya orodha, ruhusu wakaguzi mahali popote, la sivyo kituo kinachofuata kinajulikana. Haikufanyika hivyo. Lakini usisahau gharama kwa mtumiaji. Baada ya Aprili 2018 tukio ambalo Marekani ililitaja ni la klorini, Kabana, Mei 2019. Linganisha na 2014 hadi 2018, ambapo matukio yalifuatana mwaka hadi mwaka: Talmenes, Sarmin, Qmenas, Ltamenah, Saraqib.

---

Kisiki Mkavu

Pungufu lile lina sababu mbili zilizotokea kwa pamoja. Douma ilisalimu amri siku chache baada ya gesi, na Ghouta ya Mashariki yote ikawa mikononi mwa serikali. Silaha ilitumika kutoa wapiganaji kwenye majengo ambamo jeshi lilishindwa kuwatoa kwa mizinga. Kazi ile ilipokwisha, matumizi yakapungua. Huwezi kumpa Tomahawk sifa yote.

---

Mjukuu wa Baraste

Naingiza mawili ya ukanda wetu, maana yanabadilisha jinsi tunavyosoma haya.

Agosti 7, 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa. Nairobi watu 213 wakafa, Dar 11. Agosti 20 Marekani ikajibu kwa makombora, na mojawapo ya shabaha ilikuwa kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini, kwa madai kwamba kinatengeneza kemikali tangulizi ya VX, sumu nyingine ya neva. Ushahidi uliotangazwa ulikuwa sampuli ya udongo iliyochukuliwa kwa siri nje ya kiwanda. Linganisheni na lakiri na saini alizoeleza Bi Shufaa. Hakukuwa na maabara ya pili iliyojulikana, hakukuwa na mkaguzi, na Mkataba wa Silaha za Kemikali ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mei 1999 Marekani iliachia mali za mmiliki ilizokuwa imezifungia badala ya kwenda kujieleza mahakamani. Kiwanda kilichokuwa kikiwapa Wasudani dawa za malaria na za mifugo kilibaki kifusi. Vifo vya watu wetu vilitumika kuhalalisha kombora lililokwenda kwenye dawa za watu wengine. Hili halipaswi kupitwa haraka.

La pili ni kunyamaza. Italia ilitumia gesi ya haradali Ethiopia kuanzia Desemba 1935, kwa mabomu na kisha kwa kunyunyiza kutoka kwenye ndege, huku ikiwa imeridhia Itifaki ya Geneva ya 1925. Ushirika wa Mataifa, uliotangulia UM, uliweka vikwazo ambavyo mafuta hayakuwemo, na Mfereji wa Suez ukaendelea kupitisha meli za Italia. Haile Selassie alisimama Geneva Juni 30, 1936 akaeleza walivyonyunyiziwa watu, mifugo na mito. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Halabja, mji wa Wakurdi nchini Iraq, Machi 16, 1988, gesi ya jeshi la Iraq iliua hadi watu 5,000, na Azimio 620 la Agosti mwaka ule lililaani silaha za kemikali bila kuitaja Iraq kuwa mhusika. Anayesema tusipige anapaswa kubeba na haya.

---

Nahodha wa Ghalani

Umenena, Mjukuu. Kwa Ethiopia hata kombora halikuhitajika. Kufunga Suez na kukata mafuta kungetosha kusimamisha ndege.

---

Bi Shufaa

Kuna jibu la tatu linalosahaulika kila mara watu wanapobishana kuhusu makombora: kuwafanya watu wasife.

Ghouta wengi walikuwa wamekimbilia vyumba vya chini ya ardhi kuogopa mizinga. Sarini na klorini zote ni nzito kuliko hewa, zinazama chini. Kwa gesi unapanda juu, unakwenda upande upepo unakotoka. Kosa la pili lilikuwa mlangoni mwa hospitali. Wagonjwa waliingizwa na nguo zao, mvuke ukatoka kwenye nguo, wahudumu nao wakaanza kuona giza, mboni zikisinyaa, pumzi ikibana. Kuvua nguo nje na kumwagia maji mengi kunaondoa sehemu kubwa ya sumu kabla mgonjwa hajavuka kizingiti. Ndani, sarini inataka atropini: mtu mzima anaanza na miligramu 2 au zaidi kulingana na hali, inarudiwa kila dakika 5 hadi 10 mpaka kifua kikauke na apumue. Mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza akiba ya zahanati nzima. Klorini haina dawa yake maalumu. Ni oksijeni, na kumtuliza mgonjwa asijichoshe.

Ibara ya X ya Mkataba inampa kila mwanachama haki ya kuomba vifaa hivi na mafunzo. Haihitaji kura ya Baraza la Usalama.

---

Kisiki Mkavu

Turudi Sudan basi. Mei 22, 2025 Marekani ilitangaza imebaini kuwa jeshi la Sudan lilitumia silaha za kemikali mwaka 2024, na vikwazo vikaanza Juni 27. Khartoum ikakanusha, ikaunda kamati yake ya kitaifa. Ushahidi wenyewe haukuwekwa hadharani. Wakili, nchi kama Kenya au Tanzania ina mkono gani hapo?

---

Wakili wa Mtaa

Ina mkono mrefu kuliko watu wanavyodhani. Sudan ni mwanachama wa Mkataba, Kenya na Tanzania pia. (Sudan Kusini, jirani na mwenzetu wa Jumuiya, ndiyo iliyobaki nje, pamoja na Misri, Israeli na Korea Kaskazini.)

Ibara ya IX inamruhusu mwanachama yeyote kudai ukaguzi wa ghafla katika nchi ya mwanachama mwingine. Baraza la Utendaji la OPCW lina nchi 41, na kuuzuia ukaguzi huo kunahitaji robo tatu yao wakatae ndani ya saa 12. Maana yake kura 31. Hakuna wa kupiga turufu. Nchi inayokaguliwa inaarifiwa angalau saa 12 kabla timu haijatua, na tangu timu itue hadi iruhusiwe kuingia eneo lenyewe hazipaswi kupita saa 108. Mbinu hii haijawahi kutumika hata mara moja tangu 1997. Wakubwa wanaiogopa kwa sababu itawarudia kwenye viwanda vyao.

Nchi iliyoathirika ikiomba msaada chini ya ibara ya X, uchunguzi unaanza ndani ya saa 24 na ripoti inatakiwa ndani ya saa 72. Lakini Sudan haitajiombea dhidi ya jeshi lake, kwa hiyo iliyobaki ni IX.

---

Radi Kavu

Na wakifungiwa mlango saa ya 109?

---

Wakili wa Mtaa

Hapo ndipo dai linapokuwa limeandikwa, lina tarehe na eneo, na kila aliyekataa anajulikana. Ukitaka kurudi kuzungumzia nguvu, au ibara ya 4(h), unarudi ukiwa na kitu mkononi. Mwaka 2017 na 2018 hakuna aliyepita njia hii kwanza.

---

Bi Shufaa

Naongeza kwa upande wa saa hizo 108. Kwa klorini si muda wa kuharibu kila kitu. Gesi inapotea mapema, lakini mbao zilizokuwa chumbani huhifadhi alama, Douma ziliacha. Chuma kinapata kutu isiyo ya kawaida, majani yanababuka upande mmoja. Mtungi wenyewe una namba iliyogongwa kwenye shingo, na namba inaweza kusaidia kujua ulitoka wapi. Walioko El Fasher, Khartoum au kokote: msiubebe mtungi. Upigwe picha pale ulipoangukia, namba ionekane, na kitu kinachojulikana ukubwa wake kiwekwe kando kwa kipimo. Kipande cha ubao kutoka chumba hichohicho na kingine kutoka nyumba ya mbali viwekwe kwenye chupa mbili za kioo zenye kifuniko, ziandikwe tarehe na saa, kisha jina la kila anayezishika.

---

Mjukuu wa Baraste

Na majina hayo yakae kwenye karatasi tofauti, isisafiri pamoja na chupa. Msafara ukisimamishwa kizuizini, karatasi hiyo ndiyo itakayomtafuta aliyechukua sampuli.